Jani Lililoonja Jua

Saidati hakuwa mtu wa kuchukia kitu bure. Alimvumilia mama mkwe wake mpaka mauti yalipowatenganisha, akavumilia moshi wa kuni mbichi na majirani wanaoazima chumvi bila kurudisha. Lakini yale majani, wallahi, aliyachukia kama mke mwenza. Na tuseme ukweli, alikuwa na haki, maana mke mwenza angalau ana zamu yake, siku nyingine anakuachia mume.

Mumewe, Kadiri, alikuwa dereva wa lori la Mgiriki mmoja pale Gisenyi. Alipeleka kahawa Kampala na kurudi na vitambaa. Miaka ile ya Wabelgiji barabara ya Ruhengeri ilikuwa vumbi na makona tupu, huku ukuta wa mlima, kule bonde. Madereva wa Kampala ndio waliomfundisha kutafuna mairungi ili usingizi usimkamate njiani. Aliporudi akakuta kumbe mti wenyewe uko hapa hapa, nyuma ya duka la Mzee Faradji, Mwarabu wa Yemeni aliyezeekea katika mtaa wa Waswahili. Mzee hakutaka hata kulisikia hilo jina la Kampala. Jina lake ni qat, alisema, ndivyo walivyoiita babu zake, na mwenye kuiita vinginevyo akanunue kwingine.

Basi Kadiri akawa mtu wa qat. Akirudi safari macho yamemtoka, anasema bila kituo, chakula hagusi, mtoto hambebi, kisha ghafla ananyamaza na kukasirikia hata kuku. Saidati alilia, akanuna, akapika pilau, wapi! Akaenda kwa shehe amwombe amkanye mumewe, akamkuta shehe mwenyewe shavu limemvimba kwa majani. Alimsalimia tu, akarudi zake nyumbani.

"Mama Dauda," Kadiri alimwambia siku moja, kwa upole, "mi siko mulevi. Ile majani ndiyo inanishikia macho. Bila yenyewe ningeisha kuanguka zamani."

Alimsikia, lakini hayakumwingia. Mlevi gani asiyesema hivyo?

Sasa, Mzee Faradji alikuwa na masharti kuliko mganga. Qat hukatwa alfajiri, hufungwa kwa jani bichi la mgomba, hukaa kivulini karibu na mtungi wa maji. Siku moja Saidati alipokwenda kununua sukari alimkuta akimgombeza mteja aliyeacha fungu lake mlangoni. Jani likishaonja jua limekufa, alikuwa akisema, limebaki la mbuzi. Saidati alirudi nyumbani na sukari yake na maneno hayo, na maneno hayo hayakumtoka.

Ilikuwa kiangazi. Kadiri aliingia asubuhi kutoka Kampala, hata viatu hajavua, Mgiriki akatuma mtu: dereva mwingine anaumwa, kahawa lazima iondoke leo hii. Kadiri hakubisha. Alinunua fungu lake kwa Faradji, akaliweka kando ya mtungi, akaenda kusimamia magunia yakipakiwa. Saidati alibaki akilitazama lile fungu. Kadiri hakuwa na desturi ya kutafuna mbele yake, wala hakulifungua fungu kabla ya kufika milimani, hilo alilijua. Akawaza kwamba atatafuna, hatasikia kitu, atadhani Mwarabu amempunja, watagombana, na habari ya qat itaishia hapo. Hakuwaza zaidi ya hapo, Mungu ni shahidi.

Akayafungua majani, akayaanika juu ya mawe meusi nyuma ya jiko. Jua la mchana likafanya kazi yake. Yaliponywea akayachovya majini yapate rangi, akayafunga kwa jani jipya la mgomba na kulikaza kwa kamba ile ile ya mgomba. Hata mwenyewe aliona fundo limetoka zuri.

Kabla ya alasiri lori likapiga honi. Kadiri aliingia mbio mbio, akachukua fungu, na siku hiyo, sijui nini kilimpata, akambeba mtoto wake Dauda, akamrusha juu na kumdaka mpaka mtoto akacheka. Kisha akaondoka.

Saidati alikwenda dukani kwa Faradji kununua mafuta ya taa, moyo mwepesi. Akamkuta mzee amekaa hana raha. Mzee alimweleza kwamba alimsihi Kadiri asiende, maana hajalala tangu juzi, lakini Kadiri alicheka tu, akasema qat ya Mzee itamfikisha.

"Na kweli itamfikisha," alisema Faradji. "Lakini mtu aliyekesha hivyo akiikosa, binti yangu, usingizi haumpigii hodi."

Saidati aliiacha chupa ya mafuta juu ya meza ya duka, akatoka.

Amwambie nani? Alikimbilia kwa Mgiriki, akaambiwa bwana yuko ufukweni, kwenye nyumba ile ya starehe ya Wazungu. Huko mlinzi hakumruhusu hata kusogelea geti. Alimwambia arudi kesho, kama kuna neno. Lori la pili la Mgiriki lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Likabaki tumaini moja tu: lori lenye mzigo hupanda kwa taabu, na madereva wote husimama Nyakiriba, kwa mama mmoja aitwaye Mukandutiye, kutia maji kwenye rejeta na kula viazi vya kuchemsha. Saidati akamfunga mtoto mgongoni, akaishika njia ya Nyakiriba kwa miguu. Alijua mguu haufukuzi injini, lakini angefanya nini?

Alifika jua likielekea kuzama, koo limekauka. Barabarani hapakuwa na lori. Mbele ya nyumba ya Mukandutiye mbuzi wawili walikuwa wakila kitu, na chini ya miguu yao Saidati aliliona jani la mgomba lililopasuliwa, na kamba yake, na lile fundo lake zuri.

"Alionja, akatema," Mukandutiye alimwambia. "Alisema Mwarabu amemupatia majani ya mbuzi. Basi akapatia mbuzi. Alinawa uso na maji ya baridi, akaenda."

Akaenda zamani? Kitambo. Alionekanaje? Alikuwa akipiga miayo.

Saidati alisimama katikati ya barabara. Mbele yake njia ilipanda kuelekea Kanama, kona baada ya kona, na hapakuwa na gari, wala baiskeli, wala mtu wa kutuma. Aliita jina la mumewe mara moja. Mtoto akaanza kulia, Mukandutiye akamshika Saidati mkono na kumketisha.

Lori walilikuta asubuhi bondeni, ng'ambo ya Kanama, mahali barabara iliponyooka na hapana sababu ya mtu kuanguka. Alilala, walisema madereva wenzake.

Walimzika Gisenyi. Wanawake wa mtaa walijaa nyumbani kwa Saidati, na kila aliyeingia alimkumbatia na kumwambia neno lile lile: wewe ulisema, Mama Dauda, tangu mwanzo ulisema haya majani yatamuua, ungesikilizwa leo tusingekuwa hapa. Walimsifu. Alikaa kwenye mkeka, hali, hanywi, akisifiwa.

Siku moja katika eda yake Mzee Faradji akabisha hodi. Kwa kuwa mjane hakai na wanaume wageni, alisimama nje ya pazia. Sauti yake ilikuwa imepungua. Mukandutiye alikuwa ameshuka sokoni na kusimulia ya wale mbuzi, na mtaa mzima ulikuwa umesikia.

"Macho yangu yamezeeka, binti yangu," alisema. "Nilimkatia jani lililokufa, wala sikuliona. Mume wako aliniamini. Mti nimeukata. Nimekuja uniwie radhi."

Saidati alifungua mdomo aseme kweli. Aliiona midomo ya wanawake walioketi naye, mkeka, mwanawe akichezea ncha ya pazia. Mwanamke mmoja akamgusa begani, akamnong'oneza kwamba si vizuri kumsimamisha mtu mzima juani.

"Nimekusamehe, Mzee," alisema Saidati.