Tiara la Karatasi ya Bluu

Siku ya tatu baada ya kumzika bibi yake, Baraka alirusha tena droni juu ya migomba ya Ikuti. Siku ya maziko aliirusha kwa ajili ya video; leo alitaka tu kuwafurahisha watoto. Ikavuma kama nyuki ndani ya kibuyu, kuku wakajibanza chini ya ghala. Baba yake, Jairo, akaweka kikombe chini akacheka.

"Hicho nacho ni kitu? Mnabonyeza tu! Sisi tulitengeneza kwa mikono. Pangaboi la mabua, ukikimbia nalo linalia mpaka mbwa wanakimbia. Na tiara! Muulize shangazi yako Elina. Tiara letu lilivuka bonde lile lote."

"Tiara ndiyo nini, baba?" Baraka hakuondoa macho kwenye simu.

"Mmesikia? Kishada, mwanangu! Hata jina tumelizika."

Waombolezaji waliokaa kwenye majani ya migomba wakacheka, maana msiba nao unachosha. Elina hakucheka. Alikuwa mlangoni mwa jiko akimenya ndizi. Tangu mama yake na Jairo, Atuganile, alipokata roho, alikuwa amejiapiza kwamba atasema jambo alilolificha, kabla ya kikao cha ukoo cha alasiri hiyo. Kwenye kikao ndipo maisha ya marehemu husimuliwa mbele ya watu, na kinachosemwa pale hakifutiki tena. Msemaji angekuwa shangazi Agness, dada wa baba yao, ambaye kwa miaka arobaini alikuwa na wimbo mmoja: kaka yake Anyelwisye alikwenda Zambia kutafuta maisha, na hakurudi kwa sababu ya ulimi wa mkewe.

"Dada," Jairo akaita, "hivi ile karatasi ya bluu tuliitoa wapi? Sijaona tena karatasi nyepesi namna ile."

Elina aliweka kisu chini. "Njoo huku nyuma nikuambie."

Nyuma ya jiko alimkumbusha kwanza kitu ambacho Jairo alikuwa amekisahau. Yeye Jairo ndiye aliyekuwa akishika kamba siku zote. Elina kazi yake ilikuwa kukimbia na kuokota. Mpaka siku moja Jairo aliposema, atakayeleta karatasi nzuri ndiye atakayeshika kamba.

"Nilisema hivyo?" Jairo alitabasamu.

"Ulisema. Mimi nikaleta barua ya baba."

Elina alikuwa darasa la tatu wakati huo. Mama hakujua kusoma, na Jairo alikuwa mtoro wa shule, kwa hiyo barua zote za Zambia alizisoma yeye. Jumapili ile mama alikuwa kitandani na homa, na mzee wa kanisa akamkabidhi Elina barua mlangoni mwa kanisa, moja ya zile za ndege: karatasi ya bluu inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe. Aliisoma njiani. Baba alikuwa amehamia mji mwingine. Alikuwa ameandika anwani mpya. Amepata nyumba, mama afunge virago amfuate na watoto. Kama hutajibu, aliandika, nitajua umekataa.

Elina aliielewa vizuri. Hakutaka kuipoteza. Alipiga hesabu za kitoto: wataibandika kwenye vijiti vya matete kwa ugali wa moto, itapaa kidogo tu, kisha jioni ataibandua amsomee mama. Kamba ilikuwa nyuzi walizofumua kwenye viroba vya mbolea, zimeungwa mafundo kwa mafundo. Tiara lilipanda, likavuta, na yeye akacheka kwa sauti kwa sababu alikuwa ameshika kamba. Kisha fundo moja likafumuka.

Jairo hakuwa akitabasamu tena. "Barua yenyewe?"

"Yenyewe. Jioni mama aliniuliza kama mzee wa kanisa hakuleta kitu. Nikasema hakuleta."

Na hilo halikuwa baya kuliko yote. Baada ya hapo mama alimwandikisha barua tano, moja baada ya nyingine. Elina alikaa pale mezani akaziandika kwa mkono wake, kwa mwandiko mzuri, kwenda kwenye anwani ya zamani, akijua hakuna mtu wa kuzipokea.

"Ulikuwa mtoto," Jairo akasema. Kisha akashusha sauti. "Lakini usiseme. Mama ameshazikwa, haitamsaidia. Watasema ni sisi watoto tuliomkosesha mume. Na wakwe zangu wapo pale uani."

"Kwa hiyo lawama aendelee kuibeba yeye?"

"Marehemu habebi kitu, dada."

Akarudi kwa wageni.

Alasiri shangazi Agness alisimama kwa fimbo yake. "Ndaga, asanteni kwa kuja. Atuganile alilima, alilea, hilo simnyimi. Lakini ulimi, ndugu zangu! Ulimi ulimfukuza kaka yangu. Tumwombe Mungu amsamehe."

"Mama hakumfukuza," Elina alisema. Alikuwa amesimama bila kujua. "Baba alimwita. Aliandika tumfuate. Barua ile niliirusha mimi, kwenye tiara."

Mke wa Jairo akamvuta khanga. "Kaa, wifi, kaa unywe maji. Ni majonzi tu, jamani."

Lakini shangazi aliinua mkono, akaja polepole katikati ya watu, akamshika Elina kifundo cha mkono. Hakukemea.

"Alihamia wapi?"

"Kulekule Zambia, shangazi."

"Mji gani? Nilituma watu Kitwe, alikokuwa akiishi, mara mbili, wakaambiwa aliondoka, hakuna anayejua alikokwenda. Nikafikiri ametuchoka hata sisi. Wewe ulisoma. Mji gani?"

Elina alitafuta. Aliona ugali ukikauka pembeni mwa karatasi. Alihisi uzi ulivyomkata kidole. Aliona hata mstari ule, neno fupi na namba ya sanduku la posta, lakini herufi hazikukaa.

"Sikumbuki."

Jairo alikuwa akitazama chini. Shangazi Agness hakuuachia mkono.

"Fikiri, mwanangu," alisema. "Fikiri. Tunakungoja."