Hatua za Sajini Saverio

Mwaka 1974 Ayot alikuwa mwalimu pekee wa aljebra aliyebaki katika idara yake, pale chuoni Makerere. Profesa aliyekuwa akimsimamia aliondoka nchini miaka miwili nyuma, akiwa na sanduku moja na paka wake ndani ya kikapu. Hakuaga. Alimwachia Ayot daftari lenye swali lisilojibiwa, na pembeni mwa ukurasa wa mwisho aliandika: "Naona hili linawezekana."

Swali lenyewe lilihusu amri. Hivyo ndivyo Ayot alivyomweleza baba yake, Saverio Okeny, sajini mstaafu aliyefundisha gwaride la polisi miaka ishirini na sita. Waliishi wawili tu, baba na binti, kwenye fleti ya chini huko Bukoto, tangu mama alipofariki.

"Chukua amri nne tu, Baba. Kulia geuka. Kushoto geuka. Nyuma geuka. Hatua moja mbele. Nikikuandikia mlolongo wa amri mia, utajua kama askari atarudi palepale alipoanza, akitazama kulekule?"

"Si nitamtembeza nimwone?"

"Huyo, sawa. Lakini katika aljebra kuna vikosi vya kwenye karatasi tu. Havina uwanja. Vina kanuni, zinazosema amri hizi ni sawa na zile. Na imeshathibitishwa kwamba kwa baadhi ya vikosi hivyo hakuna njia itakayokujibu kila mara. Si kwamba haijapatikana. Haipo."

Mzee aliweka kikombe mezani. "Kwa hiyo," alisema, "kuna mahali ambapo mtu hawezi kuambiwa kama amerudi."

Ayot alikuwa akichunguza aina moja ya vikosi, ile ambayo profesa aliamini njia yake ipo. Miaka hiyo aliipitisha kama mtu atembeaye ndani ya ukungu. Asubuhi aliita majina darasani. Mengine hayakuitikiwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Majarida mapya yalikuwa yamekoma kufika maktabani. Juu ya paa makorongo walisimama wakiwa wamejikunyata, na Ayot, kwenye dawati lake kando ya dirisha, alizitazama herufi zikishuka kutoka kwenye karatasi na kupita juu ya nyasi, zikigeuka kulia, zikigeuka kushoto, bila sauti. Mara nyingine mvua ilianza na kuisha asijue.

Kila alasiri, akirudi nyumbani, alimpa baba yake karatasi ya amri, kila amri kwa herufi yake. Mzee alivaa miwani, akaisoma karatasi, kisha akatoka uani nyuma ya fleti na kuitembea. Kulia, hatua, kulia, hatua. Mgongo wima, kidevu juu. Alipomaliza alipaza sauti: "Nimerudi!" au "Sijarudi!" Ayot akaandika.

Siku moja alimkuta amesimama katikati ya ua, macho yamefumbwa.

"Umechoka, Baba?"

"Hapana. Nikitembea hivi nawasikia nyuma yangu. Kikosi changu cha mwisho, watu thelathini na sita. Nasikia buti zao." Akafumbua macho. "Karatasi ya leo imewarudisha wote."

Ayot alijua kwamba wengi wa watu hao, vijana wa Acholi na Lango, walichukuliwa kwenye kambi zao mwaka wa kwanza wa utawala wa wanajeshi. Alimshika mkono, wakaingia ndani.

Jumamosi moja mchana mtu alipita ukumbini bila kubisha, akatokea uani. Alivaa nguo za kiraia, lakini Saverio alimtambua. Alikuwa Owuor, ambaye Saverio mwenyewe alimfundisha gwaride mwaka 1959 na ambaye sasa alikuwa mkubwa katika usalama.

"Mzee, watu nasema uko nafundisha jeshi hapa," alisema Owuor, kwa Kiswahili cha Kampala. "Kila siku left, right. Jeshi ya nani?"

"Jeshi ya huyu," alisema Saverio, akimwonyesha binti yake. "Ni hesabu."

Owuor aliichukua karatasi kutoka kwa Ayot, akaigeuza juu chini. Herufi tupu. "Hii hesabu gani haina namba? Hii ni siri ya watu."

Ayot alianza kueleza, Owuor akamkatiza. Ndipo Saverio alipopiga hatua moja mbele, na sauti ambayo Ayot hakuwa ameisikia tangu utotoni ikajaza ua mzima.

"Owuor! Mguu sawa!"

Visigino vya Owuor viligongana kabla akili yake haijaamua. Saverio aliitwaa karatasi mkononi mwake, akamsomea kuanzia mwanzo. Kulia geuka. Hatua. Nyuma geuka. Yule bwana mkubwa aligeuka na kutembea kati ya kamba za kuanikia nguo, shuka zikimpapasa usoni, na kadiri alivyokwenda ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa wa kijana. Amri ya arobaini ilimrudisha palepale kwenye jiwe alipoanzia, akiutazama mlango uleule.

Aliiondoa shuka iliyomwangukia begani.

"Wale wa kikosi yetu," aliuliza kwa sauti ya chini, "wewe najua wako wapi?"

"Wanne najua."

Owuor alishika njia ya mlango, akageuka. "Nitaandika kwamba mzee ni mgonjwa, daktari amesema atembee. Lakini fanyeni ndani ya nyumba. Mimi siwezi kurudi kuuliza mara ya pili. Watatuma mwingine."

Basi wakahamia sebuleni. Waliisukuma meza, lakini haikuwa na pa kwenda, na mzee akawa anatembea kwa hatua za nusu futi. Wiki ya tatu ya kutembea hivyo, alikwama. Mbele yake palikuwa na meza.

"Karatasi yako inasema mbele," alinung'unika. "Nimeongeza hatua mbili nizunguke. Mwisho moja itaifuta nyingine."

"Umeongeza?"

"Ndiyo. Wakati mwingine lazima urefushe njia kidogo ndipo uweze kuifupisha. Kila sajini anajua."

Ayot aliketi sakafuni, palepale alipokuwa. Hilo la kurefusha alilijua, ndilo lililomshinda. Mtu akiruhusiwa kurefusha bila kikomo, atatafuta milele. Lakini baba yake hakuongeza bila kikomo. Aliongeza kwa ukubwa wa meza. Je, kama katika vikosi vyake nyongeza haizidi kamwe ukubwa wa kanuni yenyewe? Basi njia zote za kujaribu zinahesabika, na utafutaji una mwisho. Chumba kilimzunguka taratibu, mwanga wa alasiri ukipita juu ya kuta, naye akaona uthibitisho wote kwa mara moja, kama mtu anavyoliona bonde ukungu ukiinuka.

Kuuandika kulimchukua miezi minne. Barua za ng'ambo zilikuwa zikifunguliwa njiani, kwa hiyo aliikabidhi makala aliyoiandikia jarida moja la huko kwa Nabintu, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Bukavu aliyepanga chumba jirani na kusafiri kwao mara kwa mara.

"Usiogope, dada," alisema Nabintu, akizikunja kurasa ndani ya kitenge. "Mimi mwenyewe nitaiweka mu posta ya Bukavu."

Jibu lilirudi kwa mikono yake hiyohiyo, baada ya miezi minane. Ayot alilisoma amesimama mlangoni.

"Wamekataa?" aliuliza baba yake.

"Wamekataa. Kuna mtu huko Poland aliyelithibitisha mwaka 1971. Jarida lake halikutufikia."

"Lakini ni kweli?"

"Ni kweli, Baba." Akacheka huku machozi yakimtoka. "Ni kweli mara mbili. Wanasema njia yangu ni tofauti na yake. Wamenipa anwani yake."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati. Kisha akaenda kuinjika chai.

Ayot alivuta kiti mezani, akachonga penseli. Alimwandikia mtu yule wa Poland, ambaye hakujua kama ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Hakujitambulisha wala hakulalamika. Alianza moja kwa moja na swali jipya, ambalo hata yeye hakujua jibu lake.