Wimbo wa Kumi na Saba

Santuri za bendi ya Ferrugem zilifika dukani kwa Anselmo Jumanne asubuhi, na kabla ya saa sita mchana wanaume wawili wa usalama walikuwa wamesimama kaunta.

Lucineide aliwachungulia kupitia pazia la stoo, akiwa amepiga magoti kando ya katoni. Hawakuwa na sare, lakini watu wa mji wa São Bernardo walikuwa wameshajifunza kuwatambua.

Hii ilikuwa albamu ya kwanza ya Lucineide na wenzake. Miaka miwili walikuwa wakipiga panki, muziki wa kasi na makelele, katika kumbi za mitaa ya viwandani, yeye ndiye mwimbaji, akitoka zamu ya kushona viti vya magari. Nyimbo kumi na sita zilipita kwa wakaguzi wa serikali. Wa kumi na saba ulirudi umekatwa kwa wino mwekundu, kwa sababu ulimtaja kwa jina sajenti aliyemvunja vidole Edmilson, kaka yake Lucineide, wakati wa mgomo. Wakaurekodi hivyo hivyo. Kwenye jalada, mahali pa jina la wimbo huo, wakaandika "Kelele", basi.

"Hawa Ferrugem ndio kina nani?" aliuliza yule mnene.

"Vijana tu wa viwandani, mkuu," alijibu Anselmo. "Fujo tupu."

"Tuwekee. Upande wa pili."

Sindano ikakwaruza. Kila wimbo wao haukuzidi dakika moja na nusu, na Lucineide akawa anazihesabu moja moja. Kumi na nne. Kumi na tano. Stoo haikuwa na mlango wa nyuma. Alimfikiria mama yake, ambaye alikwishamwona mtoto mmoja akirudishwa nyumbani mkono ukiwa umefungwa matambara.

Kisha wa kumi na saba ukaja. Akalisikia jina la sajenti likitoka kwenye spika kwa sauti yake mwenyewe mara nne, waziwazi kabisa. Akafumba macho.

"Huyu mwanamke anasema nini?" aliuliza yule mwembamba, sikio kwenye spika.

"Kusema kweli, mkuu, hata mimi siambulii neno."

Mnene akacheka mpaka akakohoa. "Kabanwa na mlango huyu! Zima bwana, kichwa kinaniuma. Lete hiyo, tukawachekeshe wenzetu ofisini."

Wakaondoka nayo.

Lucineide alitoka akishikilia rafu. Anselmo alikuwa anajifuta jasho, anacheka. "Una bahati wewe binti! Hawakuambulia kitu!"

Naye akacheka. "Kumbe ulikuwa unawadanganya? Wewe jina ulilisikia, si ndiyo?"

"Jina gani?"

Akamtazama. Mzee hakuwa anatania. Lucineide akaketi juu ya katoni: kama Anselmo hakulisikia, hakuna mnunuzi ambaye angelisikia.

"Mzee, nipe karatasi."

"Za nini?"

"Maneno. Kila santuri itoke na karatasi yake."

"Umepata wazimu? Wana nakala, wale! Akitokea mmoja mwenye masikio watarudi."

"Najua."

Akaanza kuandika kwa herufi kubwa. Alipofika kwenye jina la sajenti akaharibu herufi. Akaichana karatasi, akachukua nyingine. Anselmo akatukana kwa sauti ya chini, kisha akaenda kusimama mlangoni, akikodolea macho ngazi za kupandia dukani, aone kama wale watu wanarudi.