Nati ya Mwenye Gari

Gari lililetwa mtaa wa Buyenzi Jumanne ya pili ya Julai 1970, likikokotwa na lori la mchanga. Lilikuwa gari dogo la mashindano, la kijani, lisilo na paa, pua yake imebonyea, na ubavuni bado ilisomeka namba saba. Fundi Rachidi alisimama mlangoni mwa garaji akalitazama likifunguliwa kamba. Hakuuliza lilikotoka. Miaka kumi na mitatu nyuma, yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mwisho kuligusa kabla halijaua mtu, na mtu huyo alikuwa Mohamadi, mdogo wake wa tumbo moja.

Aliyelileta alikuwa Adolphe Byamungu, mfanyabiashara wa Bwiza aliyehamia kutoka Bukavu, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani. Alikuwa amelikuta ghalani kwa wakala wa pamba chini ya magunia, akapata karatasi zake, na tangu hapo hakulala vizuri. Mpango wake ulikuwa huu: tarehe kumi na sita Agosti, siku ya Jumapili, Mzunguko wa Ziwa, njia ya mashindano ya zamani, ufunguliwe tena. Tangu 1957 hakuna gari lililokimbia pale. Sasa magari kumi na manne ya zamani yangepita mbele ya watu, kutoka bandarini hadi kona ya maghala ya pamba, kisha mtaa wa Asiatique, kisha kurudi bandarini, mara tatu. Namba saba lingetangulia, na usukani angeushika Atumani, mtoto wa marehemu. Adolphe alisema watu watalia na kupiga makofi kwa wakati mmoja.

Alimwachia Rachidi nakala ya kitabu cha programu, kilichopigwa chapa kwa Kifaransa. Ukurasa wa nne ulieleza ajali ya 1957. Ulisema kwamba Mohamadi, fundi mlevi, aliliiba gari kwa dakika chache ili ajionyeshe.

Rachidi alisoma ukurasa huo mara mbili, akakunja kitabu, akakiweka chini ya sanduku la vifaa.

Mafundi wa Buyenzi walikuwa na desturi isiyoandikwa popote. Gari likishatengenezwa, nati moja ya gurudumu iliachwa imekazwa kwa mkono tu, na mwenye gari akija kulichukua alipewa ufunguo aikaze mwenyewe, watu wakiona. Waliiita nati ya mwenye gari. Ilianza zama za wakoloni, wakati mzungu akichomokewa na gurudumu njiani, fundi ndiye aliyelala ndani. Mtu aliyekaza kwa mkono wake hawezi kesho kusema kwamba haikukazwa. Kwa gari la kawaida, lenye nati tano kila gurudumu, desturi hiyo haikuwa na madhara. Nne zilitosha kulifikisha nyumbani. Lakini namba saba lilikuwa na nati moja tu kila gurudumu: kubwa, ya katikati, yenye masikio mawili, inayokazwa kwa kuyapiga masikio hayo kwa nyundo ya shaba.

Siku moja kabla ya mashindano ya 1957, Rachidi aliacha nati ya gurudumu la mbele kushoto imekazwa kiasi cha mkono tu, akaenda kuswali adhuhuri. Alifanya alivyofanya kwa kila gari. Mwenye gari, Mbelgiji aliyeitwa Vermeiren, hakuja mwenyewe. Alituma neno gari lipelekwe bandarini. Mohamadi, ambaye kazi yake ilikuwa injini na magurudumu hakuyagusa, aliliwasha akaenda. Nati ya aina ile hujikaza gari linapokwenda mbele. Kinachoilegeza ni breki ya ghafla. Mohamadi alifunga breki kwenye kona ya maghala, gurudumu likachomoka, gari likagonga ukuta.

Tangi lilipasuka likammwagia. Mafuta ya mashindano yalichanganywa na alkoholi, robo nzima, na Rachidi ndiye aliyeyachanganya. Mtu aliyeandika ripoti aliinama, akanusa, akaandika alichonusa. Mohamadi, aliyekuwa hajaonja pombe maishani, akazikwa akiwa mlevi. Rachidi alijua habari ya nati na alijua habari ya harufu. Kusema moja kulikuwa kusema zote mbili: akikana ulevi, angeulizwa gurudumu lilichomoka kwa nini. Alinyamaza wiki ile, na baada ya wiki ile kunyamaza kukawa rahisi zaidi kuliko kusema.

Alinyoosha bati la pua kwa siku sita. Injini ilimchukua siku tisa. Mwisho wa Julai aliyarudisha magurudumu, na safari hii hakuacha nati yoyote kwa ajili ya mtu. Alizipiga zote nne kwa nyundo ya shaba mpaka sauti ikabadilika kuwa nyembamba, ile sauti inayomwambia fundi kwamba imefika. Kisha akafunga garaji akaenda kuswali adhuhuri.

Aliporudi, nati ya mbele kushoto ilikuwa kiasi cha mkono.

Aliizungusha kwa vidole viwili, ikazunguka. Hakushtuka sana. Aliwaza kwamba huenda hakuipiga vizuri, au mmoja wa mafundi wake amefanya mzaha. Aliipiga tena, na kesho yake, kabla ya sala, akachora mstari wa rangi ya njano kutoka kwenye sikio la nati hadi kwenye ukingo wa gurudumu. Mstari hausahau. Saa saba na robo alipofungua mlango, mstari ulikuwa umekatika, nusu yake ikitazama juu na nusu ikitazama chini.

Siku ya tatu aliwapa mafundi wake likizo. Alinunua kufuli jipya, ufunguo akauvaa shingoni. Kabla ya kutoka alinyunyiza unga wa muhogo sakafuni kulizunguka gari, upana wa hatua mbili, akarudi nyuma akinyunyiza mpaka mlangoni. Msikitini hakukumbuka aliswali nini. Aliporudi kufuli lilikuwa limefungwa, madirisha yana nondo, na unga ulikuwa mweupe na laini, hauna alama hata ya panya. Nati ilikuwa kiasi cha mkono.

Alikagua meno ya nati kwa kioo cha kukuzia. Yalikuwa mazima. Alipima kitovu cha gurudumu, hakikuwa kimelika. Alifikiria joto la mchana, lakini nati nyingine tatu zilikuwa katika joto hilohilo. Akaandika haya yote katika daftari, kwa tarehe na saa.

Wiki hiyo Atumani alikuja. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, dereva wa teksi, mrefu kama baba yake na mwenye kucheka kama baba yake. Alilizunguka gari, akapiga mluzi.

"Baba mukubwa, hii gari inakaa kwako wiki tatu. Unaitengeneza ao unaioa?"

Rachidi alimwambia ampe mtu mwingine usukani. Alisema gari ni la zamani, chuma kimechoka. Atumani alisikiliza huku akikalia kiti cha dereva, mikono kwenye usukani, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Toka nikiwa mudogo naitwa mutoto wa mulevi," alisema. "Mama anauza sambusa, watu wanamuuliza kama ametia pombe mu nyama. Mi nitazunguka mara tatu bila kugonga kitu, palepale alipogonga. Watanyamaza. We ndiye ulinifundisha kuendesha. Sasa unaogopa nini?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Rachidi alichukua kitambaa akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa kisafi.

Alhamisi ya mwisho kabla ya tamasha aliamua kutokwenda msikitini. Alifunga mlango kwa ndani, akaipiga nati, akachora mstari mpya, akaungoja ukauke. Kisha akaweka kigoda hatua moja kutoka kwenye gurudumu, akaketi akilikodolea macho. Jua lilipita katika matundu ya bati la paa, na vidoa vya mwanga vikatembea sakafuni polepole. Alisikia adhana ikianza, akaisikia ikiisha. Alisikia watu wakirudi wakizungumza barabarani. Nati haikusogea. Aliitazama saa yake: saa saba na robo. Akashusha pumzi, akataka kuinuka.

Nyundo ya shaba ilikuwa mapajani mwake. Aliikumbuka ikining'inia ukutani. Mstari wa njano ulikuwa umekatika, na chini ya kucha zake za mkono wa kulia mlikuwa na vumbi la rangi ya njano.

Aliketi pale muda mrefu. Mkono uliofanya kazi ile miaka thelathini unaweza kuifanya bila kumwambia mwenyewe. Hilo alilikubali, maana lilielezeka. Lakini siku ya unga alikuwa msikitini, safu ya pili, na watu walimpa mkono baada ya sala. Aliandika yote mawili katika daftari, moja chini ya jingine, na hakuandika hitimisho.

Jumapili Mzunguko wa Ziwa ulijaa watu kuanzia asubuhi. Magari kumi na manne yalipangwa bandarini, yameng'arishwa, na Adolphe alikuwa na kipaza sauti na suti nyeupe. Rachidi alikuwa ameipiga nati alfajiri akachora mstari wake. Sasa, robo saa kabla ya bendera, aliinama akaigusa mbele ya umati. Ikazunguka katika vidole vyake. Hakukumbuka kuwa peke yake na gari hata kidogo tangu lifike bandarini.

Atumani alikuwa amekwishavaa kofia ngumu. Rachidi alimshika mkono, akampeleka kwenye turubai la wanawake, akamwita Mwanne, mama yake Atumani, na kuwarudisha wote wawili hadi kwenye gurudumu. Mwanne alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mkavu, aliyezoea kusimama. Alitazama gari kama mtu anavyomtazama jirani aliyemkosea.

"Shemeji," alisema Rachidi, "Mohamadi hakunywa."

"Najua. Mi nililala naye miaka kumi. Nataka kujua we unajua toka lini."

"Toka siku ile."

Rachidi akaendelea, akitazama nati.

"Hii niliiacha kwa mukono, ya mwenye gari, kama kawaida yetu. Sikufikiri kwamba iko moja tu. Nikaenda kuswali. Na ile harufu ilikuwa ya mafuta, mi niliyachanganya. Ripoti ilipotoka nikanyamaza. Ni mi nilimuua, halafu nikaacha wamwite mulevi."

Atumani alivua kofia, akaiweka juu ya boneti taratibu, kama kitu cha kioo. Alimwangalia baba yake mkubwa, kisha akageuza uso upande wa ziwa. Nyuma yao Adolphe alikuwa akitangaza dakika kumi.

"Na sasa iko namna gani?" aliuliza Mwanne.

"Haikazi. Naipiga, inalegea. Kila siku. Sijui inangoja nani."

Mwanne alichutama akaigusa nati kwa kidole, akaizungusha mbele na nyuma. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Lete nyundo."

Alipiga mara moja, kwa mkono mmoja, pigo la mtu anayevunja kaa la moto jikoni. Sikio la nati lilizunguka robo duara likasimama. Rachidi, kwa mazoea tu, alitoa kopo la rangi mfukoni akachora mstari.

"Sasa enda kule kwa ile mashine," Mwanne alimwambia. "Useme vile umesema hapa. Usipunguze."

Alikwenda. Adolphe alifikiri fundi anataka kuwashukuru wafadhili, akampa kipaza sauti akitabasamu. Rachidi alisema sentensi sita, kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti. Hakupunguza. Aliongeza kwamba ukurasa wa nne wa programu ni uongo na watu wauchane. Kisha ukaanza kusikika kidogo, hapa na pale, halafu kila upande, mlio wa karatasi. Watu wa Buyenzi waliosimama karibu walimpisha njia aliporudi, wakampisha mno, hata wale aliowafundisha kazi.

Atumani alikuwa amekwishakaa ndani ya gari. Hakuna aliyemwambia aende wala asiende. Bendera ilipoanguka, aliondoka; magari mengine yalikuwa bado yakingoja zamu, injini zimezimwa.

Rachidi alishika saa mkononi. Mzunguko wa kwanza, dakika tatu na sekunde arobaini. Wa pili, tatu na thelathini na tano. Katika wa tatu waliisikia injini ikikaribia maghala, wakasikia breki zikilia kwa nguvu, na baada ya hapo hawakusikia kitu. Alihesabu sekunde kumi na moja. Mwanne, kando yake, hakuhesabu. Kisha injini ikanguruma tena upande wa Asiatique, na namba saba likaja, peke yake, likiwa na magurudumu yote manne.

"Nilifunga breki palepale," Atumani alisema aliposhuka. Alisema na mama yake, bila kumtazama Rachidi. "Mpaka ikazimika. Nilitaka kujua."

Jumatatu mafundi waliyafungua magurudumu ili gari liwekwe juu ya mawe. Matatu yalitoka kwa mapigo mawili matatu. La mbele kushoto halikutoka. Walipiga mpaka shaba ya nyundo ikabapa. Walitia bomba la mita mbili, wakaning'inia watu wawili. Waliichoma nati kwa moto wa gesi ikawa nyekundu, ikapoa, wakajaribu tena. Mmoja alisema ni kawaida, nati za namna hiyo hujikaza zenyewe gari likienda mbele, na Rachidi alikubali kwamba ndivyo zilivyotengenezwa.

Lakini kabla ya moto alikuwa ameinama na kuutazama mstari. Ulitoka kwenye sikio la nati hadi kwenye ukingo wa gurudumu, wa njano, mnyoofu, haukukatika popote. Nati haikuwa imezunguka, kulegea wala kujikaza, hata unene wa unywele tangu Mwanne alipoiacha, na Mwanne alikuwa na uzito wa kilo arobaini na nane.