Risasi za Njano za Calla

Jumamosi, tarehe tano Aprili. Mvua ya usiku ilikatika kabla ya alfajiri, ukungu ulikuwa bado umejilaza mabondeni, na upepo wa kaskazini uliuma masikio. Zilibaki siku saba kabla ya msimu wa watoto kuwinda bata mzinga. Twyla Rusk alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya duka la mzee Leland, pamoja na binti yake Calla wa miaka tisa, akisikiliza upuuzi.

Upuuzi huo ulikuwa unatoka kinywani mwa kaka yake, Orrin.

Orrin alikuwa mtu wa kuvaa nguo za mabaka ya porini mahali popote: dukani, benki, hata kwenye mazishi ya baba yao, ambako hapakuwa na mnyama wa kumficha. Alijipulizia marashi ambayo bata mzinga angeyanusa, kama bata mzinga angekuwa na pua ya maana, kutoka wilaya ya jirani. Mkononi alikuwa na chupa ya plastiki ya kutemea tumbaku, na kila alipotaka kusema neno la busara alitema kwanza.

Akatema.

"Twyla, dada yangu. Hizo ulizoshika ni risasi au pipi?"

Twyla alikuwa ameshika kasha dogo la risasi za njano, za bunduki ya namba ishirini, iliyo nyembamba kuliko ile ya namba kumi na mbili ya wanaume. Zilikuwa fupi, za baruti kidogo na marisau, zile punje ndogo za risasi, namba sita. Alikuwa amezijaribu tangu Januari, pamoja na aina nyingine nne. Moja ilitawanya marisau kama mtu anayerushia kuku mtama. Nyingine ilikusanya vizuri, lakini teke lake begani lilimfanya Calla ang'ate mdomo. Hizi ndizo zilizobaki.

"Ni risasi, kaka."

"Ukimpiga dume la bata mzinga na hizo, atageuka akushukuru kwa kumkuna mgongo."

Wanaume wawili waliokuwa wakinywa kahawa karibu na jiko wakacheka. Calla akatazama viatu vyake.

"Kwa hatua ishirini na tano zinamwangusha," Twyla akasema. "Zaidi ya hapo Calla hapigi. Tumekubaliana."

"Hatua ishirini na tano! Kwa nini usimfunge kamba shingoni kabisa, mtoto amshike kwa mkono?" Orrin akaokota kutoka rafuni kasha la risasi nyekundu za namba kumi na mbili, ndefu kama kidole cha mtu mzima, akaliweka kauntani kwa kishindo. "Hii ndiyo risasi ya kilimani kwa baba. Mimi nilianza na hii. Janelle wangu alianza na hii. Sheria unaijua. Kila mtoto wa ukoo huu anapiga bata mzinga wake wa kwanza kwa bunduki ya baba na risasi nyekundu, halafu anatuonyesha mezani bega lililovimba. Hataki? Basi akawinde kwingine. Kilima ni changu."

Hilo lilikuwa kweli. Baba yao alimwachia Orrin kilima, kwa sababu mabinti, alisema, hawawindi. Na kwingine hapakuwepo: mume wa Twyla alikulia mjini, hakuwa hata na shamba la kufugia sungura. Calla alikuwa amekaa majira yote ya baridi akijifunza kumwita bata mzinga kwa kisanduku cha mbao kinacholia kama jike lake, mpaka paka wa nyumbani akahamia kwa jirani. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: kukaa chini ya mialoni ya babu yake Jumamosi ijayo kabla jua halijachomoza.

Twyla alimtazama kaka yake, akahisi dharau ikimpanda kooni kama kiungulia. Janelle, huyo aliyetajwa kama ushahidi, alikuwa na miaka kumi na sita sasa, na tangu siku ile ya bega hajawahi kugusa bunduki. Mlango ukibamizwa anaruka. Na Oktoba iliyopita, Twyla akiwa jikoni, Orrin alimpa Calla bunduki ya baba yao yenye risasi nyekundu, "aonje moja tu." Mtoto aliangushwa chali. Bega lilivimba kama andazi. Orrin alicheka hadi akapaliwa, akampigapiga mgongoni na kumwambia amekuwa mtu mzima. Ikachukua miezi miwili kabla Calla hajaweza kuvuta kifyatulio bila kufumba macho.

*Bwana,* Twyla akaomba kimoyomoyo, *nipe upole kwa mtu huyu. Na kama leo upole umeisha ghalani, nipe walau ukimya.*

"Nachukua za njano," akamwambia mzee Leland.

"Basi hawindi kwangu," Orrin akasema.

Mzee Leland, ambaye alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa na hakupenda kelele kabla ya saa nne asubuhi, akafunga kasha ndani ya mfuko wa karatasi. "Kwa nini msiiulize karatasi ya shabaha?" akasema. "Mchungaji ameshafungua shimo."

Kila mwaka, Jumamosi ya kabla ya msimu, watu walijaribu bunduki zao katika shimo la zamani la changarawe nyuma ya kanisa, kisha wakaingia ndani kula kulungu wa kuchemshwa na maharage. Mchungaji Haskell aliomba kwanza. Mzee Leland alisimamia ufyatuaji. Hakuna aliyejaza bunduki yake mwenyewe hapo. Leland ndiye aliyejaza, moja baada ya nyingine.

Walipofika, watu kama kumi na tano walikuwa wamesimama kwenye matope. Calla akakaa juu ya kigoda, mgongo kwenye gogo, kama atakavyokaa porini. Bunduki yake ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana; Twyla alikuwa amekata kitako kifupi na kuongeza uzito ndani yake, kwa kuwa bunduki nyepesi ndiyo inayopiga teke baya. Hatua ishirini na tano mbele yake kulikuwa na karatasi yenye kichwa na shingo ya bata mzinga.

"Pumua, mama," Twyla akasema.

Calla akapumua. Bunduki ikalia, bega likasogea kidogo, kama mtu aliyeguswa na rafiki. Mtoto hakupepesa.

Mchungaji Haskell akaenda kuhesabu, akarudi na karatasi. "Marisau kumi na manne," akasema. "Kichwani na shingoni. Matatu yanatosha kumuua."

Watu wakapiga makofi. Orrin akatema ndani ya chupa.

"Karatasi haitembei," akasema. "Karatasi haina manyoya. Mnamdanganya mtoto. Mwindaji hapimwi kwa marisau, anapimwa kwa moyo. Anayeogopa teke ataogopa kila kitu."

"Mimi siogopi tena, mjomba," Calla akasema. "Mama alinitibu na risasi bubu."

"Risasi bubu ndiyo nini sasa?"

"Ni ya plastiki, haina baruti. Mzee Leland anaichanganya na za kweli, hujui ipi ni ipi. Ukivuta ikikaa kimya, bunduki inatakiwa itulie. Mtutu ukiinama chini, basi ulikuwa unaogopa." Akafikiri kidogo. "Fanya na wewe, mjomba. Wote tumefanya."

Calla hakuwa na hila hata punje. Hilo ndilo lililomnasa Orrin. Angekuwa mtu mzima anayemchokoza, angejua jinsi ya kumcheka. Akatazama nyuso zilizomzunguka. Zote zilikuwa zinamsubiri.

"Haya! Leteni," akasema, akavua koti kwa madaha. "Muone mwanamume."

Alichukua bunduki ya baba yao. Mzee Leland akamgeuzia mgongo, akajaza, akamrudishia. Orrin akaegemea mbele, akalenga. Bunduki ikanguruma mpaka kunguru wakaruka juu ya paa la kanisa. Akageuka kuwatazama watu, akitabasamu, bega lake likiwa limesogea nyuma shubiri nzima.

"Ya pili," Leland akasema.

Orrin akalenga tena. Akavuta. *Tik.*

Mtutu ukainama chini kama kuku anayedonoa. Kichwa kilikuwa kimegeuka pembeni, macho yamefumbwa kabisa, meno yamekenuliwa, na bega limejitupa mbele kupambana na teke ambalo halikuja. Alikaa hivyo kwa muda wa pumzi moja, mwanamume mkubwa wa mabaka akipigana na hewa.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

"Imenikwama," Orrin akasema. "Hii bunduki ni ya zamani."

"Ya tatu," Leland akasema, akajaza.

*Tik.* Mtutu ukainama tena, chini zaidi kuliko mwanzo, ukaelekea matope hatua tano mbele yake.

Twyla alimtazama kaka yake. Miaka thelathini alikuwa amemsikiliza mtu huyu akihubiri juu ya moyo na bega na uanaume, na miaka yote hiyo alikuwa anafumba macho. Sasa akajua kwa nini kila msimu alirudi na hadithi ya dume kubwa lililotoroka. Kilikuwa kitu kidogo sana. Kilikuwa kitu cha kusikitisha na kipuuzi, na kwa ajili ya kitu hicho watoto wawili walikuwa wameumizwa. Neno likamjia ulimini, zuri, kali, lililonolewa kwa muda mrefu. Akalimeza, kwa kuwa ukimya ndio aliouomba, na ndio aliokuwa amepewa.

Calla akashuka kigodani, akamwendea mjomba wake kwenye matope.

"Hata mimi nilikuwa hivyohivyo," akamwambia, kwa sauti ya mtu anayemfariji mwenzake wa wodi moja. "Si wewe, mjomba. Ni ile nyekundu. Inakufundisha vibaya." Akatoa risasi ya njano mfukoni. "Hii si ya bunduki ya babu, usijaribu. Lakini ukitaka nitakuazima bunduki yangu."

Hapo mmoja wa wanaume wa kahawa akashindwa kujizuia, akakohoa kwa nguvu akiwa amefunika mdomo. Shingo ya Orrin ikawa nyekundu hadi masikioni. Akampa Leland bunduki, akainama kutafuta chupa yake, akaiona imepinduka, akaiacha.

"Haya," akanong'ona. "Awinde na hizo zake."

"Sikusikia," Twyla akasema.

"Nimesema awinde."

"Kaka, dukani ulisema kwa sauti, watu wakacheka. Hapa nako sema kwa sauti. Mchungaji yupo. Mzee Leland yupo. Wote hawa wapo."

Orrin akamtazama dada yake, akatafuta usoni mwake mahali pa kupitia, asipate. Akamtazama Calla, ambaye bado alikuwa amemnyooshea risasi ya njano kwenye kiganja. Akavua kofia, kama ilivyo desturi yao mtu anapotoa ahadi kanisani, ingawa walikuwa shimoni.

"Mchungaji, nanyi nyote," akasema, na safari hii sauti ilifika hadi kanisani. "Jumamosi ijayo Calla atawinda kwenye kilima cha baba, na bunduki yake na risasi zake za njano. Nitakaa nyuma yake bila bunduki, na nitafunga mdomo wangu. Na mtoto yeyote wa ukoo huu hatapewa tena risasi nyekundu na mkono wangu. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu."