Ridhaa ya Mzazi

Tangu kengele ya saa mbili Waridi alikuwa amesimama mbele ya meza ya Mwalimu Mkuu, unga wa mchele ukiwa bado umemganda vidoleni. Vitumbua alimwachia jirani yake sokoni Kariakoo. Hakuna aliyemwambia akae.

Mwaka ule wote wa 1956, yeye na Mwalimu Ignasi walikuwa na mapatano. Ignasi alimfuata mwenyewe chumbani kwake Mtaa wa Sikukuu, akamweleza kwamba binti yake Zamzam analipita darasa zima la nne kwa akili. Ampunguzie kazi za alasiri, naye atamfundisha. Waridi akawa anatwanga mchele peke yake. Matokeo ya mtihani yalipotoka, mtoto alikuwa wa kwanza. Nafasi ya msichana kwenda shule ya kati ilikuwa moja.

Mwalimu Mkuu alimsogezea Ignasi karatasi, akamwagiza amsomee mama. Ignasi alisoma polepole, bila kuinua macho. Mzazi, kwa hiari yake, amemwondoa binti shuleni amsaidie nyumbani. Nafasi apewe anayefuata. Anayefuata alikuwa binti wa mjumbe wa kamati ya shule. Soko zima lilijua.

“Mimi sikusema hayo,” alisema Waridi.

Mwalimu Mkuu hakupandisha sauti. Alisema kuna shule huko Liwale haina mwalimu, na kwamba mwalimu anayepita majumbani kuwachochea wazazi anaweza kukosa hata hiyo Liwale. Waridi akamtazama Ignasi. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane.

“Mwalimu, nifanyeje?”

Ignasi alifungua kidau cha wino.

“Weka kidole, Mama Zamzam.”

Akamshika mkono yeye mwenyewe, kwa adabu, akamgandamiza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi.

Ijumaa wazazi waliitwa kumpokea mkaguzi. Waridi aliketishwa safu ya mbele pamoja na binti yake. Mwalimu Mkuu alisifu jinsi wazazi na walimu wa shule hiyo wanavyosikilizana, akamtaja Waridi kwa jina. Mkaguzi akapiga makofi. Walimu wakafuata, Ignasi miongoni mwao, kisha ukumbi mzima.

“Mama,” Zamzam alinong’ona, “wanakupigia makofi ya nini?”

Watu walikuwa wamemgeukia, wanamngoja. Waridi akainua mikono, naye akapiga.