Nani Aliyeimba Harusini

Muuguzi alizoea vipimo visivyobishaniwa. Wodini kwake mililita tano ni mililita tano, na homa ikifika arobaini imefika. Ndiyo maana alipoingia kwenye duka la fundi wa kanda asubuhi ile, kashika kanda ya video ya harusi ya shangazi yake, alihesabu kazi itachukua nusu saa tu.

Kanda hiyo ilikuwa imeshamgombanisha na pacha wake, karani wa posta, miaka nenda miaka rudi. Walipokuwa wadogo, mmoja wao alipanda jukwaani siku ya harusi, akampokonya msema chochote kipaza sauti, akaimba mpaka bibi harusi akatokwa na machozi. Mmoja tu. Lakini kila mmoja aliapa kwamba ni yeye. Baba yao akiulizwa hujibu, "Watoto wawili sura moja, mnanionea bure." Sasa Muuguzi alikuwa na ushahidi wake: kovu juu ya jicho la kushoto, ambalo pacha wake hana.

Fundi, mwanamama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliigeuzageuza kanda.

"Nikuwekee ukubwa gani?"

"Ukubwa wa nini?"

"Wa picha. Kompyuta inaikatakata picha kuwa nukta. Kuna mia tatu hamsini na mbili kwa mia mbili themanini na nane. Kuna mia saba ishirini kwa mia tano sabini na sita. Kuna elfu moja mia tisa na ishirini kwa..."

"Weka kubwa kuliko zote. Natafuta kovu."

"Dada yangu, chai ya kikombe hata ukiimimina kwenye ndoo haijai ndoo. Kilichomo kwenye kanda ndicho hicho hicho."

Muuguzi aliona anazungushwa. Tangu lini kidogo kikaonyesha zaidi ya kikubwa? Akang'ang'ania.

"Haya," alisema fundi. "Ila kanda imechoka, inamwaga unga. Naipitisha mara tatu, ya nne siahidi."

Mara ya kwanza ikawa kubwa. Kompyuta ilihema kama mgonjwa wa pumu, ikawa inaruka picha. Mtoto yuko kushoto, mara yuko kulia. Sura yake ilikuwa pana na laini kama iliyopakwa samli, na kovu halikuonekana. Au lilionekana? Kulikuwa na mstari kwenye jicho, lakini hata bwana harusi alikuwa nao, na keki pia.

"Huo ni mkwaruzo wa kanda," fundi alisema.

Mara ya pili Muuguzi akaomba ndogo, labda mikwaruzo itapotea. Ikapotea kweli, pamoja na macho. Fundi alipoibana zaidi ili iingie kwenye simu, ukumbi mzima ukageuka vigae.

Mara ya tatu ikawa ya kati. Hapo mtoto alikuwa mtoto: gauni la njano, soksi moja imeshuka, mdomo wazi. Na juu ya jicho hapana kitu. Muuguzi alikodoa macho mpaka machozi yakamtoka. Kama kovu halipo, basi aliyeimba ni pacha? Na ule ubaridi wa kipaza sauti anaoukumbuka kiganjani ni wa nani? Akapiga simu mbili. Kabla ya adhuhuri baba yake na pacha wake walikuwa wamebanana naye mbele ya kompyuta.

"Nilisema!" pacha alipiga makofi. "Kovu liko wapi?"

"Kovu lipi?" Baba aliuliza. "Hili la kuangukia kizingiti? Alilipata darasa la pili. Harusi ilikuwa kabla."

Muuguzi alijihisi kama mtu aliyenyanyua mguu kupanda ngazi akakuta ngazi zimekwisha. Pacha naye mikono ilibaki hewani.

"Kwa hiyo ni nani?" waliuliza kwa pamoja.

Baba aliisogelea kompyuta. "Fundi, rudisha hapo nyuma kidogo."

Nyuma ya mtoto alipita mwanamke kabeba sinia la glasi. Alisimama, akamtazama mwimbaji, akacheka, akasema neno, akaendelea na safari yake. Sekunde nne hazifiki.

"Mama yenu," Baba alisema. Mama alikuwa na miaka kumi na moja kaburini.

Wakamtafuta katika zile nakala nyingine mbili. Kwenye ile kubwa kompyuta ilikuwa imeruka papo hapo: sinia liko mlangoni, halafu liko mezani, mbebaji hayupo. Kwenye ndogo alikuwa kichwa kisicho na uso.

"Basi tuchukue ya kati," alisema fundi taratibu, "na nisiibane sana. Ila itakuwa nzito."

"Na iwe nzito," alisema Baba.

Pacha aliinama akasoma midomo ya mama. "Anataja jina. Ananiita mimi, mnaona?"

Muuguzi alitazama tena. Midomo ilifunguka, ikafumba. Wimbo ulikuwa umelifunika neno. Lilikuwa jina lake, kisha likawa la pacha, kisha likawa kicheko tu.

"Huenda," alisema, akajishangaa. Wodini hajawahi kulitamka neno hilo.

Baba hakuwasikia. Alikuwa anamwomba fundi arudishe tena.